Sahani Hairudi Tupu

Malvern, Johannesburg
14 Novemba 2010

Shangazi Mwanaasha,

Leo nitakosa adabu: nitaanza na sauti, salamu zitafuata. Ni sauti ya kufuli likibanwa kwa nje. Tak. Haikuwa kubwa. Huu ni mwaka wa tatu na bado naisikia, nikiandika ubaoni, nikikoroga uji, nikiwa katikati ya mazungumzo na mtu ambaye hajui kwa nini nimenyamaza.

Sasa salamu. Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima na goti lako limetulia. Sisi hatujambo. Ameir yuko dukani Jules Street tangu asubuhi, simu mbovu za watu zimetandazwa mbele yake kama dagaa juani. Mimi bado nafundisha katika ile shule ndogo ya Kensington. Kila asubuhi napanda kilima kwa miguu, na watoto wa Kikongo na Kirundi wananisahihisha Kizulu changu. Mama alipiga simu kutoka Tanga. Paa la jikoni limekwisha ezekwa.

Uliniuliza kwa nini mimi na kaka yangu tunaishi kama watu waliofungiwa. Nilikasirika, halafu nikaona umeuliza haki, kwani hatukuwahi kukuambia. Mwezi wa tano mwaka 2008, watu walipopita mitaani wakitafuta wageni wa kuwapiga na kuwafukuza, Ameir na mimi tulikuwa ndani, mchana kweupe. Jirani wa mkabala, mama wa makamo tunayemwita MaKhanyile, alivuka barabara, akavuta geti letu, akatia kufuli lake mwenyewe kwa nje, akaketi pale getini na beseni la mboga. Kundi lilipofika aliwaambia nyumba haina mtu, wenyewe wamekwisha kimbia, kwa hiyo wasimpotezee wakati. Wakaenda. Baadaye alifungua, akatuletea sahani ya ugali na mchicha, akarudi kwake bila neno.

Ile sahani ya bati yenye ukingo wa buluu bado iko kabatini kwetu. Unajua sisi sahani ya jirani hairudi tupu. Nimefikiri mara nyingi niweke nini. Unaweka nini kwenye sahani ya mtu aliyekuokoa? Kila nilichokiwaza kilionekana kidogo, na kadiri muda unavyopita ndivyo kinavyozidi kuwa kidogo. Kwa hiyo haijarudi, na yule mama tunasalimiana kwa kichwa tu.

Na wewe unaniambia kuna chama huko Uingereza kimekuomba ugombee udiwani wa kata ya Thornmere. Wewe, mtoto wa Chumbageni. Na kwamba Mtanzania mkaazi anaruhusiwa kupiga kura na kupigiwa hata kama si raia, kwa kuwa nchi yetu imo katika Jumuiya ya Madola. Nimeisoma hiyo sehemu nikiwa nimesimama. Mimi hapa najua kila shimo la mtaa wetu, najua ni watoto gani wanakuja shule na njaa, na siku ya uchaguzi nitakaa ndani nimefunga pazia. Niambie, shangazi, inakuwaje mtu kuulizwa maoni yake na mahali anapoishi?

Mwanao,
Mwatumu


Thornmere
12 Desemba 2010

Mwanangu Mwatumu,

Waaleikum salaam warahmatullah. Barua yako imechelewa, lakini huku kila kitu kimechelewa. Theluji imefunga barabara, na goti langu liliitambua kabla ya redio. Mimi mzima. Nakula, nalala, naswali nimekaa. Tangu nilipostaafu uuguzi sina wa kumkemea, basi naikemea televisheni. Msalimie Ameir, mwambie shangazi yake hajafa, asisubiri msiba ndipo apige simu.

Kuhusu lile kufuli, nimesoma, nikakunja barua, nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Sitaandika zaidi ya hapo.

Unataka kujua inakuwaje kuulizwa. Alikuja mzee mmoja wa chama, Bwana Hedley, mtu wa skafu na adabu. Akanywa chai yangu ya tangawizi mpaka akatokwa na jasho. Akasema, "Kata hii ina madiwani watatu na hakuna hata mmoja anayefanana na wewe." Nikamwambia anayefanana na mimi alikuwa mama yangu peke yake, na kaburi lake liko Tanga. Akacheka, nami nikacheka, na kabla hajavaa viatu nimekwisha kukubali. Ndivyo inavyokuwa. Unajiona umerefuka kidogo.

Kata yenyewe ni nyumba zinazofanana, kila moja na bustani yake mbele. Watu wanatunza waridi kuliko wanavyotunza salamu. Jirani yangu wa mkabala, Bibi Doreen, nimeishi naye miaka yote hii, na mazungumzo yetu hayajavuka mvua. Lakini wana shida zao. Halmashauri inataka kuifunga maktaba, na basi la hospitali limepunguzwa hadi wazee wanasimama baridini kama nguo zilizosahauliwa kambani.

Sasa nina ombi. Kiingereza changu ni cha wodini: fungua mdomo, vuta pumzi, inakuuma wapi. Wewe umesoma chuo kikuu. Niandikie kipeperushi, maneno machache ya kumfanya mtu afungue mlango.

Na sahani ya watu irudishe. Bati halina dhambi.

Shangazi yako


Malvern
23 Januari 2011

Shangazi,

Assalaam aleikum, na mwaka uwe wa heri. Huku mvua ya radi inakuja kila alasiri, kwa wakati wake, kama mtu aliyeajiriwa. Shule imefunguliwa. Mama amezidiwa na presha kidogo lakini anatumia dawa. Anasema umpigie.

Kipeperushi nimekiweka ndani ya bahasha hii. Nimekiandika mara nyingi kuliko nilivyoandika insha yoyote chuoni. Nilikwenda kutafuta ramani ya kata yako kwenye kompyuta. Sasa naijua maktaba iko kona ipi, najua basi linageukia wapi, najua hata ule mteremko ambako mzee mwenye fimbo lazima apumzike. Nimeandika: "Mimi nimewafungia vidonda baadhi yenu. Sasa naomba mnisaidie kuzuia mlango mmoja usifungwe." Nilipoandika neno mlango mkono ulisimama. Nikaliacha.

Sijui ni nini kinachonikimbiza. Narudi kutoka shuleni, navua viatu, naingia Thornmere. Kichwani naweka madirisha yenu, waridi zenu. Ameir ananiangalia, anasema, "Wewe uchaguzi wa Waingereza unakuhusu nini? Wa hapa wenyewe haukuhusu."

Yeye wa hapa anauwaza, kwa njia yake. Dukani wateja wanamwambia uchaguzi wa mwezi wa tano ukikaribia wageni watafukuzwa tena. Walisema hivyo pia kabla ya Kombe la Dunia, likapita, lakini Ameir haweki hesabu ya mambo yasiyotokea. Anataka turudi Tanga kabla ya siku hiyo, sote wawili, moja kwa moja.

Nilimwuliza anakumbuka nini cha siku ile. Akajibu pale pale: "Kufuli. Nilijua yule mama ametufungia ili waje watukute ndani." Nikasema, lakini alituokoa. Akasema, "Hilo nililijua baadaye. Mwili wangu ulijua lile la kwanza."

Shangazi, tulikuwa tumekaa sakafuni bega kwa bega. Tulisikia sauti moja. Yeye alisikia jela. Mimi nilisikia nini? Nisipolijua hilo sijui kama nikae au niende. Wewe ndiwe mwenye akili ya watu wawili, niambie.

Mwatumu


Thornmere
27 Februari 2011

Mwanangu,

Salamu nyingi kama mchanga wa pwani ya Raskazone. Nimempigia mama yako, tumelia kidogo, tumecheka sana. Presha yake ni ubishi tu, anakula chumvi kwa siri.

Kipeperushi chako kizuri mno. Nilikisoma kwa sauti mbele ya kioo, nikajipigia kura. Nimempa Bwana Hedley. Amesema ni cha kupendeza sana.

Nimeanza kutembea nyumba kwa nyumba. Basi, wewe unanijua, mimi siwezi kubisha hodi mikono mitupu kama mtu wa kuhesabu umeme. Nimekaanga visheti. Kila nyumba sahani moja, imefunikwa kitambaa, na chini ya kitambaa maneno yako. Wanashangaa, wanashika sahani kama wameshikishwa mtoto wa mtu. Wengine wananikaribisha ndani, na nikishakaa siondoki upesi. Bwana mmoja alinionyesha picha za treni zote alizowahi kupanda. Lakini, Mwatumu, sahani zinarudi tupu. Zimeoshwa, zinang'aa, zimewekwa mlangoni pangu bila hata kubisha. Ya Bibi Doreen haijarudi kabisa. Nazitazama zile sahani tupu, nauliza, nimewaudhi?

Swali lako. Umesema nina akili ya watu wawili, lakini nitakupa ya mmoja. Mfuate kaka yako. Msichana hakai peke yake katika mji ambao unaweza kuamka vibaya. Nenda nyumbani, mama yako ana kitanda.

Shangazi yako anayekupenda


Malvern
21 Machi 2011

Shangazi,

Assalaam aleikum. Leo ni sikukuu, hapa wanaiita siku ya haki za binadamu. Shule imefungwa na mtaa mzima umekaa nje. Ameir mzima. Mama mzima, chumvi ameacha, au ndivyo asemavyo.

Barua yako imeniudhi na sitaficha. Wewe ulikwenda nchi ya watu ukiwa mdogo kuliko mimi, peke yako, na koti la kuazima. Nani alikuambia urudi? Unabisha hodi milangoni kwa Waingereza na mimi unaniambia nikakae kitandani kwa mama.

Sikiliza kilichotokea. Mabango ya uchaguzi yametundikwa kila nguzo ya robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za kuongozea magari, nyuso za watu nisiowajua. Asubuhi moja, kwenye nguzo iliyo mbele ya spaza yetu, kile kiduka cha mtaani, nikaona uso ninaoujua. MaKhanyile anagombea udiwani wa kata yetu, mgombea huru, hana chama. Nilikuwa bado nimeduwaa pale aliponiita kutoka getini kwake.

"Wewe mwalimu. Kila mara nakuona unapeleka barua posta. Una mkono wa kuandika?"

Nikasema ninao.

"Mimi nina mdomo. Tuviunganishe. Nataka karatasi ya kuwaambia watu habari za taka na taa za barabarani."

Nilisema ndiyo kabla sijafikiri. Neno hilo limekaa kifuani tangu siku hiyo, halinipi usingizi. Nilimwandikia. Halafu akataka niende kwenye mkutano wake katika ukumbi wa kanisa, nikae mbele nigawe karatasi. Nikaenda, Ameir akiwa dukani. Watu walikuwa wa kutosha kujaza viti. Nilipokuwa nagawa, kijana mmoja mwenye kofia akasema kwa sauti, "Na huyu kwerekwere anatafuta nini hapa?" Unajua neno hilo, ndilo jina letu sote tuliotoka juu ya mpaka.

MaKhanyile hakupandisha sauti. "Kwanza vua kofia, hapa ni kanisani. Pili, swali lako ni la taka au la jirani yangu? Kama ni la taka, keti nilijibu. Kama ni la jirani yangu, njoo nyumbani uliulize mbele ya mume wangu, maana yeye ndiye hupenda wageni wajinga."

Watu wakaangua kicheko, hata yule kijana. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu karatasi zilizobaki mikononi mwangu. Njiani kurudi nilimwambia nimempotezea kura. Akasema, "Eish, mwalimu. Huyo hata salamu hanipi, atanipa kura?"

Ameir amejua. Hakunigombeza. Amekwenda kukata tiketi mbili za basi la Lusaka, Jumamosi ya tarehe 14 Mei, siku chache kabla ya uchaguzi. Kutoka Lusaka tutaunga mpaka nyumbani. Ya kwangu ameiweka juu ya kabati, juu ya ile sahani.

Nijibu upesi. Na uniambie kampeni yako. Mbona husemi kama kipeperushi kimechapishwa?

Mwatumu


Malvern
22 Aprili 2011

Shangazi,

Assalaam aleikum. Sijapata barua yako. Nimekupigia mara mbili, umesema "niko njiani" na ukakata. Mtu wa goti bovu haendi njiani namna hiyo. Kama umekasirika kwa niliyoyaandika, nisamehe maneno, maana yake siwezi kuyaondoa.

Sisi wazima. Ameir ameanza kugawa vitu. Meza ya dukani amempa fundi mmoja wa Burundi, Fiacre, na jana wamekuja kuibeba. Nyumba ina mwangwi.

Nilimpelekea MaKhanyile karatasi ya mwisho niliyomwandikia. Alikuwa anafua. Akaniuliza bila kugeuka, "Sahani yangu bado mnayo?"

Nikasema ipo.

"Basi. Miaka hii yote najiuliza niliwakosea nini. Nilidhani chakula changu kiliwakera. Mume wangu akasema, labda kwao sahani huliwa pamoja na chakula."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikamweleza desturi yetu, kwamba hairudi tupu, na kwamba sikupata cha kulingana na alichotutendea. Aliacha kufua. Povu lilikuwa linamdondoka kwenye viwiko. Akasema, "Mwalimu, kwetu sahani inarudi tu. Ikirudi, na wewe umekuja nayo, unakaa, tunaongea. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Nimerudi nyumbani nikaishika ile sahani na kuiweka tena. Nikiirudisha sasa itakuwa kuaga. Na mimi sijui kama naaga.

Nenda rudi, nenda rudi, kutoka mlangoni mpaka dirishani. Ameir anasema nitachimba sakafu ya mwenye nyumba. Shangazi, niandikie hata mstari mmoja.

Mwatumu


Thornmere
10 Mei 2011

Mwatumu, mwanangu,

Waaleikum salaam. Mimi mzima wa mwili. Barua zako zote mbili zilifika. Sikukasirika. Nilikuwa na aibu, na aibu ya mtu mzima haina pa kukaa.

Nitakusimulia mara moja, usiniulize tena. Mwezi wa tatu Bwana Hedley alikuja mbio, hata chai hakutaka. Mtu alikuwa amelalamika. Kumbe huku sheria inakataza mgombea kumlisha mpiga kura. Visheti vyangu, vya unga na sukari, vingeweza kusemwa ni hongo. Nikamwambia, "Bwana Hedley, kwetu kwenda nyumba ya mtu mikono mitupu ndiyo matusi." Akasema anaelewa, lakini niache. Hakuna aliyenishitaki. Niliacha siku ile ile. Na ndipo nikaelewa zile sahani tupu. Pengine wengine waliogopa, na wengine ndiyo heshima yao, kuosha na kurudisha.

Lililoniuma ni jingine. Nilimwuliza kipeperushi kitachapishwa lini. Akakohoa. Akasema chama hakichapishi karatasi katika kata ambazo hakiwezi kushinda. Jina langu liliwekwa ili nafasi isibaki wazi. Siku za kujitoa zilikuwa bado hazijapita. Nilikaa na lile neno, nafasi isibaki wazi. Yale maneno yako niliyoweka chini ya vitambaa, Mwatumu, niliyanakili kwa mkono wangu, moja moja, mezani hapa, kwa kuwa hapakuwa na mengine. Sikujitoa. Nilitembea mpaka siku ya mwisho, mikono mitupu, nikiyasema kwa mdomo.

Kura zilipigwa wiki iliyopita. Nimekuwa wa mwisho. Idadi sikuandikii.

Jana kengele ililia. Bibi Doreen, na sahani yangu mkononi, na juu yake mkate wa tangawizi bado una mvuke. Akasema, "Sikukupigia kura. Chama chako sijawahi kukipigia na sitakipigia. Lakini la maktaba umesema kweli, na mwezi ujao halmashauri inakutana. Twende wote. Wewe utasema, mimi nitakaa pembeni nikikunja uso." Aliingia. Amekaa mpaka giza. Hatukutaja mvua.

Nilikuandikia umfuate kaka yako. Nilipoandika hayo Bwana Hedley alikuwa hajaja na ile habari, lakini mimi nilikwisha anza kuogopa milango, na nikakupa woga wangu kama nasaha. Uondoe. Sina nasaha nyingine ya kuweka mahali pake. Barua hii haitakuwahi, najua. Naiandika hivyo hivyo.

Shangazi yako,
Mwanaasha


Malvern
29 Mei 2011

Shangazi yangu,

Assalaam aleikum. Barua yako imefika Ijumaa. Hukukosea, haikuniwahi. Mama mzima, Ameir mzima, yuko naye Tanga, wamekwisha gombana kuhusu chumvi. Baridi imeingia huku, asubuhi nyasi za kilimani Kensington zinakuwa nyeupe.

Nimefurahi kwa ajili ya Bibi Doreen na uso wake. Nimelia kidogo kwa ajili ya mkono wako ulionakili maneno yangu. Hilo ulinifichia kwa muda mrefu mno.

Jumamosi ile nilikwenda stesheni na Ameir, na begi langu. Yeye alifikiri nasafiri. Mimi nusu yangu ilifikiri hivyo. Tulipanga foleni, wapagazi wakapakia mizigo ya watu, na karibu yetu mama mmoja alikuwa amekaa juu ya furushi lake anachambua maharagwe mabichi, ya kula njiani pengine, au ya kushughulisha mikono. Anavunja ncha, anatupa. Anavunja, anatupa. Kasauti kadogo sana.

Nikasimama pale pale, shangazi, kwa kuwa nilikuwa nimekasikia. Siku ile, baada ya kufuli, kabla ya kundi kufika na hata lilipokuwa getini, kulikuwa na sauti hiyo hiyo nje: mashina ya mchicha yanavunjwa na kudondoka kwenye beseni. Haikukatika. Watu walipomwuliza, alijibu huku anavunja. Miaka mitatu nimebeba ile tak peke yake, kumbe nyuma yake kulikuwa na mtu amekaa.

Nilimwambia Ameir. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi hiyo sikuisikia."

Nikasema, "Najua. Wewe nenda."

"Likitokea jambo, geti atakufungulia nani?"

"MaKhanyile."

Hakunibishia. Alinifunga kifungo cha juu cha koti, kama alivyokuwa akinifunga nikienda shule, akanipokonya kopo la visheti nilivyomkaangia mama, akapanda. Basi lilipoondoka alikuwa amegeukia upande mwingine, na nilimshukuru kwa hilo.

Nilivyokaanga asubuhi ile vilizidi kopo. Niliporudi nikavipanga kwenye sahani ya bati, visheti vya kawaida, vingine vimeungua kidogo pembeni. Nikavuka barabara. MaKhanyile aliipokea, akala kimoja akiwa amesimama, akasema, "Mwalimu, kwenu sukari hamjui kuipima?" Akala cha pili. Halafu akasogeza kiti, nikakaa.

Siku ya uchaguzi nilikaa kwenye hicho kiti, nje, pazia zangu ziko wazi, nikimchemshia chai mumewe ambaye alikuwa na wasiwasi kuliko mgombea. Waliokwenda kupiga kura walipita mbele yangu. Wengi walinisalimu, wawili watatu walinitazama vibaya, yule kijana wa kofia akaivua. Mgombea wetu ameshindwa na mtu wa chama. Hakupata kidogo kama alivyoogopa. Tangu Jumatatu anazunguka mtaa kuhesabu taa zilizokufa, anasema diwani mpya atamkuta mlangoni kwake kila wiki, na karatasi za kumpelekea naziandika mimi.

Usiogope kwamba niko peke yangu katika nyumba yenye mwangwi. Nyumba ile nimekwisha ikabidhi kwa mwenyewe. Mwisho wa wiki iliyopita nimehamia chumba cha uani kwa MaKhanyile. Kina dirisha moja, linatazama geti letu la zamani.

Mtaa ni ule ule, nyumba ya mkabala. Namba yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Iandike hiyo utakaponijibu, kwa kuwa ile nyingine sasa ina watu wengine, nami bado sijakwenda kuwabishia hodi. Nitakwenda Jumapili ijayo, nikisha kukaanga.

Mwanao,
Mwatumu